Kufuata Majitaka Hadi Baharini

Jumatatu: chemba ya kwanza

Safari hii inafuata maji ambayo watu wengi huachana nayo pindi yanapozama kwenye tundu la choo au la sinki. Inaanzia kwenye chemba ya majitaka katikati ya mji wa pwani na itafika mdomo wa bomba chini ya bahari. Ninachotaka kujua ni kimoja: kila hatua ya njia hii inaondoa nini ndani ya maji, na kipi kinapita bila kuguswa.

Kabla ya mfuniko kufunuliwa, fundi wa zamu anatutaka turudi nyuma. Anashusha kipimagesi kwa kamba, anasubiri, anakipandisha, anasoma. Anatafuta haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Hatari yake ni kwamba ikizidi huipumbaza pua, mtu akadhani imekwisha kumbe amezama ndani yake. "Hapa pua haitoi ushahidi, ndugu," ananiambia, na hatumwi mtu kushuka hadi kipimo kikubali.

Chini yanapita maji ya kijivu, mepesi, yenye kasi. Majitaka ya mji ni maji matupu kwa takriban asilimia 99.9. Katika lita elfu moja, vyote vingine, yaani kinyesi, karatasi, sabuni, mafuta, chumvi na mchanga, ni kama kilo moja tu. Mitambo yote nitakayoiona wiki hii imejengwa kwa ajili ya kilo hiyo.

Mabomba hulazwa kwa mteremko ili maji yaende angalau sentimita 60 kwa sekunde. Yakipunguza mwendo, mchanga hutuama, mafuta huganda, njia huziba. Pwani ni tambarare, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani kuna kituo cha pampu cha kuyainua tena. Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mtandao mzima: umeme ukikatika na jenereta ikigoma, majitaka hayana pa kwenda ila kufurika kwenye mtaro wa karibu, na mitaro yote ya pwani inaelekea baharini.

Fundi ananionyesha ukuta wa chemba. Saruji imelika hadi kokoto zimetokeza. Bamvua linapojaa, maji ya bahari hupenya kwenye viungio vya mabomba yaliyozeeka na kuleta salfeti, chumvi yenye salfa. Bakteria wasiotumia oksijeni huigeuza salfeti kuwa ile gesi ya yai viza, kisha gesi ikigusa ukuta wenye unyevu juu ya maji, bakteria wengine huigeuza asidi ya salfuriki. Ukuta unaliwa kutoka ndani, ufa unapanuka, maji ya bahari yanaingia zaidi.

Jumanne: langoni

Kituo kinayapokea majitaka kwa wavu wa chuma wenye nafasi za milimita chache. Kinachonaswa hapa hakikupaswa kuingia chooni: pedi, nepi, mifuko, vijiti vya masikio, na vitambaa vile vyenye unyevu vya kufutia watoto. Vitambaa ndivyo vinavyolalamikiwa kuliko vyote. Karatasi ya chooni hulegea na kuchanika majini, kitambaa hakichaniki. Husokotana na mafuta yaliyoganda na kuzinga pampu hadi zisimame.

Baada ya wavu, maji hupitishwa polepole, kama sentimita 30 kwa sekunde. Kasi hiyo imechaguliwa kwa makini: mchanga mzito unazama, uchafu mwepesi unaendelea na safari. Kisha yanaingia kwenye matangi makubwa ya kutuama na kukaa humo kama saa mbili. Tope linashuka, mafuta yanaelea na kukokotwa juu.

Hatua hii ya kwanza huondoa zaidi ya nusu ya chembe zinazoelea, lakini huondoa kama theluthi tu ya uchafu unaokula oksijeni. Majimaji yanayobaki yana mkojo wote, sabuni yote iliyoyeyuka, na vimelea kwa mamilioni. Duniani kuna miji mingi ya pwani ambayo kwa miaka mingi iliishia hapa na kuikabidhi bahari iliyobaki, kwa hoja kwamba bahari ni kubwa. Nimesimama kando ya tangi nikitazama maji haya ya rangi ya maziwa yaliyochafuka, na siioni hoja hiyo ikisimama. Ukubwa wa bahari hausaidii kitu ghubani, ambako maji yaleyale hutoka na kurudi kwa kujaa na kupwa.

Jumatano: matangi ya hewa

Leo nimekaa mahali pamoja tangu asubuhi, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Matangi yanachemka kwa hewa. Feni kubwa zinaisukuma kupitia vitundu vidogo sakafuni, na feni hizo peke yake hula karibu nusu ya umeme wa kituo cha aina hii. Rangi ya maji ni kahawia, na harufu si ya choo tena bali ya udongo uliolowa. Mhudumu anasema harufu ndiyo kipimo chake cha kwanza: ikigeuka kuwa ya kuoza, oksijeni imepungua. Kipimo cha pili ni chombo kinachosoma oksijeni iliyoyeyuka, ambayo anataka ikae karibu miligramu mbili kwa lita.

Njia hii ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1914, Manchester nchini Uingereza, Edward Ardern na William Lockett walieleza jambo ambalo ukilisikia leo unashangaa halikugunduliwa mapema. Wenzao walikuwa wakipuliza hewa kwenye majitaka, wakitumia wiki kadhaa kuyasafisha, kisha wanatupa tope na kuanza upya. Wao hawakulitupa tope. Waliliacha chomboni, wakamwaga juu yake majitaka mapya, wakapuliza tena, na tena. Kila mara kazi ilikwisha haraka zaidi, hadi wiki zikawa saa. Siri ilikuwa wale wadudu wasioonekana: tope lilikuwa jamii ya bakteria walio hai, wenye njaa, waliokwisha zoea chakula hicho.

Katika maabara ndogo ya kituo nimeonyeshwa tone moja chini ya darubini. Kuna vinyama vyenye umbo la kengele juu ya bua jembamba. Bua hujikunja ghafla kisha hunyooka. Wakionekana kwa wingi, mambo ni mazuri. Zikitawala nyuzinyuzi ndefu za bakteria, tope halitatuama vizuri na litatoka pamoja na maji.

Kupima kazi hii kuna kipimo cha zamani: kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu watakitumia kwa siku tano kula uchafu uliomo. Majitaka ghafi huhitaji miligramu 200 hadi 300 kwa lita, au zaidi. Sheria ya Ulaya ya mwaka 1991 kuhusu majitaka ya miji iliweka kikomo cha 25. Matangi yanayotunzwa vizuri hushuka hata chini ya hapo. Maana yake kwa bahari ni kubwa: uchafu usioliwa hapa utaliwa kule, kwa oksijeni ya samaki.

Lakini nimeuliza juu ya naitrojeni, na mazungumzo yamebadilika.

Naitrojeni ya mkojo hufika hapa ikiwa amonia. Amonia ni sumu kwa samaki, hasa katika maji yasiyo na asidi kama ya bahari. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitrati, ila hao hukua polepole mno. Ukiondoa tope haraka, unawatupa kabla hawajazaana. Na hata wakifaulu, nitrati bado ni naitrojeni, bado ni mbolea. Ili itoke kabisa, maji lazima yapitishwe mahali pasipo na hewa. Huko bakteria wengine, wakikosa oksijeni ya bure, huinyang'anya nitrati oksijeni yake, na naitrojeni hupanda kama gesi na kurudi angani, ambako asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni vilevile. Haihitaji dawa ya ajabu. Inahitaji tangi lililogawanywa, pampu ya kuyarudisha maji nyuma, na mhandisi aliyeombwa kufanya hivyo tangu mwanzo.

Kituo hiki hakina sehemu hiyo. Kilisanifiwa kwa ajili ya uchafu unaokula oksijeni, na hicho kinakiondoa vizuri sana. Maji yanayotoka matangi ya mwisho ni maangavu, unaona sakafu. Sehemu kubwa ya naitrojeni imo ndani yake, imeyeyuka, haina rangi wala harufu.

Alhamisi: tope na taa

Tope la ziada huingia kwenye matangi yaliyofungwa, yenye joto la nyuzi 35 hivi, na kukaa humo wiki kadhaa bila hewa. Linatoa methani inayochomwa kuendeshea jenereta. Linalobaki hukamuliwa maji na kupelekwa mashambani au jaani, kutegemea lina metali nzito kiasi gani. Zamani miji mingi ililipakia merini na kulimwaga baharini. Marekani iliacha mwaka 1992, Uingereza mwaka 1998.

Upande wa maji, hatua ya mwisho ni mfereji wenye taa za mionzi ya urujuanimno. Mawimbi ya nanomita 254 huharibu chembe za urithi za vimelea, na vimelea visivyoweza kuzaana haviwezi kuambukiza. Uzuri wake ni kwamba hakibaki kitu majini, tofauti na klorini, ambayo isipoondolewa huendelea kuua viumbe baharini. Udhaifu wake ni kivuli. Kila chembe ya tope iliyoponyoka nyuma inaweza kumkinga kirusi dhidi ya mwanga. Kwa hiyo aliyezembea Jumatano anamharibia kazi wa Alhamisi.

Dawa za binadamu na kemikali zinazodumu hupita hapa nyingi zikiwa nzima. Ulaya iliipitia upya sheria yake mwaka 2024 na kuongeza hatua ya nne ya kuziondoa kwa vituo vikubwa, huku watengenezaji wa dawa na vipodozi wakitakiwa kulipa angalau asilimia 80 ya gharama. Naliona kuwa sawa: anayeuza kitu kisichooza achangie kukiondoa.

Ijumaa: juu ya bomba

Tumetoka na boti maji yakiwa yanapwa. Bomba limelala sakafuni mwa bahari, na sehemu yake ya mwisho ina matundu mengi yaliyoachana, ili maji yatoke kidogokidogo katika eneo pana. Maji yaliyotibiwa hayana chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo yakitoka hupanda. Yanapopanda huvuta maji ya pembeni na kuchanganyika nayo, na bomba lililosanifiwa vizuri huizimua lita moja kwa lita mia au zaidi za bahari kabla ya kufika juu. Wakati wa joto, tabaka la juu la bahari likiwa vuguvugu na la chini baridi, mchanganyiko hukwama katikati na kusafiri ukiwa umefichika.

Nahodha anazima mashine. Dada mkemia anashusha sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba yenye alama, na anahesabu mita hadi sahani ipotee machoni. Kipimo hiki kilianza na padri Angelo Secchi mwaka 1865 katika Bahari ya Mediterania na bado hakijapata mbadala wa bei yake. Kisha anateka sampuli kwa chupa inayojifunga kwa kina anachotaka: juu, katikati, chini. Anaandika saa, hali ya maji, mawingu. Jua lina maana, kwa sababu mwanga wake huua bakteria. Ufuo uleule hupimwa mbaya alfajiri na nafuu adhuhuri.

Wakati wa kurudi tumezungumza sana juu ya Boston. Katika miaka ya 1980 bandari yake ilihesabiwa miongoni mwa zilizochafuka zaidi Marekani. Waliacha kumwaga tope mwishoni mwa 1991, wakajenga kituo kipya kwenye Deer Island chenye matibabu ya kibiolojia, na Septemba 2000 wakafungua handaki la kilomita 15 linalotoa maji nje kwenye ghuba kubwa, kina cha mita 30 hivi. Bandari ilipona kwa kiasi ambacho kizazi kilichotangulia hakikukitegemea. Watu wa miji mingine huinukuu Boston kama ushahidi wa bomba refu. Wanasahau mpangilio: tope lilitolewa, matibabu yakaboreshwa, ndipo bomba likafunguliwa mahali penye maji mengi yanayochanganyika. Bomba peke yake husogeza naitrojeni. Haliipunguzi hata gramu.

Jumamosi: kwenye nyasi bahari

Maji yamepwa, tumetembea kwa miguu hadi kwenye nyasi bahari zilizo karibu na mdomo wa mtaro mkubwa wa mji. Ni siku niliyoingoja, kwa kuwa mimea haidanganyi. Sampuli husema habari ya dakika moja, ilhali jani husimulia miezi.

Majani yamefunikwa na utando wa mwani wenye nyuzi laini. Ukiupangusa kwa kidole, chini yake kuna jani la kijani lililokuwa likinyimwa mwanga. Hivi ndivyo naitrojeni inavyoua bila sumu. Baharini, tofauti na ziwani, mara nyingi naitrojeni ndiyo inayozuia mwani usikue. Viumbe vidogo vya baharini hutumia takriban atomu 16 za naitrojeni kwa kila moja ya fosforasi. Ukiongeza kile kilichokuwa haba, wanaofaidi kwanza ni wale wanaokua haraka: mwani unaoelea na mwani wa nyuzi. Nyasi bahari na matumbawe hukua polepole, hubaki kivulini. Kisha mwani hufa, huzama, huoza, na kuoza hutumia oksijeni ya sakafuni, hasa usiku ambapo hakuna mmea unaoizalisha.

Tukaenda mbele hadi mahali penye mkondo mkali, mbali na mtaro. Majani ni safi, kuna vitoto vya samaki, na maji yaliyo kati ya majani yametulia kwa sababu nyasi zenyewe hupunguza mawimbi na kushika mchanga. Umbali kati ya sehemu hizi mbili ni wa kutembea kwa dakika chache.

Ghuba mbili zinafaa kukumbukwa hapa. Kaneohe, Hawaii, ilipokea majitaka yaliyotibiwa kwa miaka, na mwani wa kijani wenye umbo la mapovu, *Dictyosphaeria cavernosa*, ukayafunika matumbawe. Mwaka 1977 na 1978 majitaka yalielekezwa nje ya ghuba, kwenye kina kirefu. Maji yaling'aa upesi na mwani ukapungua, lakini haukuondoka kwa mkupuo, kwani tope la sakafuni liliendelea kuachia virutubisho lilivyovihifadhi.

Nyingine ni Tampa, Florida. Huko hawakuhamisha maji, waliyasafisha. Sheria ya jimbo ilitaka naitrojeni isizidi miligramu tatu kwa lita katika maji yanayoingia ghubani. Mwani ukapungua, mwanga ukafika chini, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 nyasi bahari zilikuwa zimerudi kwenye eneo lililokuwepo miaka ya 1950, wakati idadi ya watu ikiwa imepanda sana. Baadaye zimepungua tena, na ghuba hiyo inaendelea kutafuta vyanzo vingine vya naitrojeni vilivyobaki. Mimi namwonyesha mtu Tampa kabla ya kumwonyesha Boston.

Jumapili: mvua

Imenyesha tangu usiku wa manane. Nimerudi kituoni na kukuta lango limebadilika: maji ni ya rangi ya udongo, yanafika kwa wingi ambao matangi hayawezi. Mhudumu ana uamuzi wa kufanya kwa haraka. Akiyaruhusu yote yapite, mkondo utalisomba tope lenye bakteria na kulitoa nje, na itamchukua siku nyingi kulikuza tena. Kwa hiyo anafungua njia ya dharura, na kinachozidi kinapita kando, kimechujwa kwa wavu tu, hadi baharini.

Mji huu una mabomba mawili, moja la majitaka na jingine la mvua, ndivyo ilivyo kwenye ramani. Ardhini, paa nyingi zimeunganishwa na bomba la majitaka, na vyoo vingine vimeunganishwa na mtaro wa mvua. Miji mikongwe yenye bomba moja kwa yote ina shida hiyohiyo kwa ukubwa mwingine. London ililazimika kuchimba handaki la kilomita 25, sehemu kubwa chini ya mto Thames, lililoanza kazi kamili mwaka 2025, ili kuyashika maji kama haya badala ya kuyaacha yamwagike mtoni.

Dada mkemia ameteka sampuli kwenye mdomo wa mtaro akiwa amevaa koti la mvua, na nyingine juu ya bomba la baharini pindi boti ilipoweza kutoka.

Jumanne: sahani za maabara

Kila sampuli ilichujwa, mililita mia moja kupitia karatasi yenye matundu ambayo bakteria hawapiti, karatasi ikawekwa kwenye chakula chao na kufungiwa kwenye joto la nyuzi 36 kwa saa 44. Wanaotafutwa ni enterokoki, bakteria wa matumbo. Huchaguliwa kwa bahari kwa sababu hustahimili chumvi kuliko *E. coli*, bakteria mwingine wa matumbo, hivyo kuwepo kwao kunaashiria vizuri zaidi kwamba kinyesi kilipita. Havihesabiwi virusi, ingawa ndivyo vinavyowaumiza wengi wanaokula chaza wabichi.

Mezani sahani zimepangwa kwa siku. Za Ijumaa, juu ya bomba, zina vidoa vichache vya rangi ya damu ya mzee, chini kabisa ya 100 kwa mililita mia, kiwango ambacho Ulaya hukiita bora kwa ufuo wa kuogelea. Za Jumapili kwenye mdomo wa mtaro zimejaa hata hazihesabiki. Ilipaswa sampuli ile izimuliwe kabla ya kuchujwa. Na watoto walikuwa wakiogelea hapo jana, kabla ya mtu yeyote kujua. Kipimo kinachochukua saa 44 hakiwezi kumwonya mwogeleaji, ndiyo maana miji yenye busara hufunga ufuo kwa kigezo cha mvua yenyewe bila kusubiri maabara.

Naitrojeni imekuja kinyume: ipo juu ya bomba hata siku ya jua, na ipo mtaroni. Taa za mionzi hazikuigusa, wala hazikujengwa kuigusa.

Kwenye kikao cha mchana kuna mapendekezo mawili, kurefusha bomba au kuligawa tangi la hewa ili lipate sehemu isiyo na hewa. Nimeulizwa maoni kama mgeni, nimesema tangi, na kabla ya tangi, viungio vya mabomba na paa. Mhandisi amekubaliana nami kwa hilo la mwisho, kwa kuwa ni la bei ndogo na halihitaji mkopo. Kesho saa mbili asubuhi timu itafunga sehemu ya bomba karibu na mtaro mkubwa na kupuliza moshi ndani yake. Nyumba ambayo moshi utatokea kwenye mfereji wa paa, maji yake ya mvua yanaingia kwenye majitaka. Moshi ukitokea mtaroni, kuna tundu kati ya mabomba mawili, na litazibwa.